Wayahudi waliosujudu: Abraham Maimonides na Masufi wa Misri

Mapema katika karne ya 13, kundi la Wayahudi wa Cairo lilimpelekea Sultani al-Adil, nduguye Salahuddin, mashtaka dhidi ya kiongozi wao wenyewe. Walidai kwamba analeta uzushi katika ibada. Anataka watu wanawe miguu kabla ya sala, wakae kwa safu, wapige magoti, na wasujudu mpaka paji la uso liguse chini. Yaani Wayahudi walikwenda kumshtaki Myahudi mwenzao, mbele ya mtawala Mwislamu, kwa kosa la kusali kama Mwislamu.

Mshtakiwa hakuwa mtu wa kubezwa. Abraham alizaliwa mwaka 1186 huko Fustat, mji mkongwe ambao leo umemezwa na Cairo, akiwa mtoto wa kiume wa pekee wa Moses Maimonides, yule ambaye Waarabu walimwita Musa bin Maimun: tabibu wa wakubwa wa serikali ya Salahuddin, mwanafalsafa, na mwandishi wa mkusanyo wa sheria za Kiyahudi ambao marabi wanautegemea hadi leo. Baba alipofariki Desemba 1204, kijana wa miaka 18 akakabidhiwa uongozi wa Wayahudi wa Misri. Baadaye akawa tabibu wa Sultani al-Kamil, sultani yuleyule aliyempokea Fransisko wa Assisi mwaka 1219 karibu na Damietta, vita vya msalaba vikiwa vimepamba moto. Mwanahistoria wa utabibu Ibn Abi Usaybi'a, Mwislamu aliyefanya naye kazi katika hospitali ya Cairo, anamweleza kuwa mtu mrefu, mwembamba wa mwili, mzuri wa maongezi. Basi huyu ndiye aliyeshtakiwa.

Mashtaka yalikuwa na makali kuliko yanavyosikika leo. Wayahudi na Wakristo chini ya dola ya Kiislamu waliishi kwa dhima: waliachiwa dini zao waziendeshe kama walivyozirithi. Kumbe basi, kusema "huyu ameleta bidaa" kulikuwa ni kumwambia Sultani kwamba mtu huyu ametoka nje ya mkataba. Abraham alijibu kwa hati iliyotiwa saini na wafuasi wake wapatao 200. Utetezi ulikuwa mfupi: mambo haya yanafanyika katika sinagogi lake la nyumbani, na hakuna aliyelazimishwa. Alibaki kwenye uongozi hadi alipofariki mwaka 1237.

Tuangalie kwanza alichotaka kubadilisha, maana ugomvi ulikuwa kwenye mambo ya kuonekana kwa macho. Katika masinagogi ya Misri ya wakati ule watu walikaa wameegemea kuta pande zote, wengine juu ya matakia, wazee wakiwa wamelipa mgongo sanduku la Torati. Gumzo lilikuwa la kawaida. Baba yake aliwahi kuchoshwa na hali hiyo: desturi ilikuwa kila mtu asali kimya kwanza, kisha kiongozi airudie sala kwa sauti, na katika marudio hayo watu walikuwa wakizungumza, wakitema mate na kugeuka huku na huku. Maimonides aliamua sala isaliwe mara moja tu kwa sauti, na mojawapo ya sababu alizozitoa ni aibu: Waislamu wanatuona. Msikiti ulikuwa jirani, na watu walijua jinsi safu za waumini zinavyotulia ndani yake.

Mwana akaenda mbali zaidi. Watu wote wakae kwa safu kuelekea upande wa Yerusalemu, wazee wakiwemo. Matakia yaondoke. Mtu akisali kwa kukaa, akae kwa magoti, si kwa kujinyoosha. Akiomba, anyooshe mikono. Anawe miguu pamoja na mikono. Na asujudu, tena si mara moja.

Ukisikia hayo tu, jibu linakujia haraka: Wayahudi waliiga Waislamu. Abraham angekukatalia, na hoja yake haikuwa ya mtu aliyebanwa akatafuta pa kutokea. Alisema: fungueni maandiko yenu. Katika Kutoka, sura ya 30, Haruni na wanawe wanaamriwa kunawa mikono na miguu kabla ya kuingia kwenye hema ya kukutania. Mfalme Sulemani alipomaliza kuomba wakati wa kuzindua Hekalu alikuwa amepiga magoti, mikono ameielekeza mbinguni. Danieli huko Babeli alipiga magoti mara tatu kwa siku, dirisha lake likielekea Yerusalemu. Hekaluni watu walianguka kifudifudi. Hata mkusanyo wa sheria wa baba yake unataja kunawa uso, mikono na miguu kabla ya sala ya asubuhi, na kuinama mpaka chini baada ya sala kuu. Nani basi ameleta bidaa? Aliyerudisha sijida, au walioiacha?

Hapa ana ushahidi mzuri, ingawa kuna kitu anakipitia kwa wepesi. Sijida ya kulala chini kabisa haikufa kwa uzembe peke yake. Mambo ya Walawi 26:1 inakataza kusujudia jiwe la kuchongwa, na marabi wa Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi wa kale, walilifasiri kwa maana pana: nje ya Hekalu, mtu asijilaze juu ya sakafu ya mawe. Hekalu likabomolewa mwaka 70, na sijida ikabaki na nafasi finyu. Hadi leo Wayahudi wengi husujudu hivyo siku za Yom Kippur (siku ya toba) na Rosh Hashana (mwaka mpya) tu, na utamwona mtu ametandika karatasi au kitambaa chini ya paji la uso, kusudi lisiguse jiwe. Kwa hiyo wapinzani wa Abraham walikuwa na sheria ya kushika mkononi. Lakini walichokiona kwanza, nadhani, hakikuwa sheria. Waliona mtu anayefanana na jirani.

Hoja ya Abraham ina upande wa pili, na huo ndio wa kushangaza. Hakudai kwamba kufanana na Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya ndani ya kumkaribia Mungu, ni bahati. Katika kitabu chake kikubwa *Kifayat al-Abidin*, alichokiandika kwa Kiarabu kwa ajili ya waja wa Mungu wanaotaka kupita kiwango cha faradhi, anawataja Masufi wa Kiislamu waziwazi. Anasema njia za watakatifu wa kale wa Israeli zimeachwa na Waisraeli kwa sababu ya dhambi zao, na sasa ziko mikononi mwa Masufi. Sufi mkuu anapomvika mwanafunzi wake joho la viraka, Abraham anamwona Eliya akimtupia Elisha vazi lake kondeni. Anapoona wanafunzi wakimfuata sheikh na kumtii, anakumbuka "wana wa manabii" waliowafuata Eliya na Elisha. Na anamtahadharisha msomaji asichukizwe na mlinganisho huo: Masufi ndio wanaofuata nyayo za manabii, si manabii wanaofuata nyayo za Masufi.

Ni hoja ya mtu anayekwenda kudai mali ya babu yake katika nyumba ya jirani, na kwa adabu anamshukuru jirani kwa kuitunza.

Je, ilikuwa kweli kihistoria? Kwa kiasi. Wacha Mungu wa mwanzo wa Kiislamu huko Basra na Shamu waliishi kati ya watawa wa Kikristo na wanazuoni wa Kiyahudi, na visa vya Bani Israili vimejaa katika maandishi ya zuhudi tangu awali. *Ihya*, kitabu cha mwanazuoni wa Kisufi al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ina mafungu kwa mafungu ya maneno yanayonasibishwa na Musa, Daudi na Isa. Kwa hiyo Abraham aliposoma maandishi ya Masufi na kuhisi anasoma jambo la kwao, hakuwa anajidanganya kabisa. Lakini joho la viraka, khalwa (kujitenga peke yako kwa ibada), na ngazi za safari ya roho moja baada ya nyingine, Masufi waliyajenga wenyewe kwa karne kadhaa. Eliya hakuwa na tarika. Kitu kilitoka nyumba moja, kikakulia nyumba ya pili, kikarudi kikiwa kimevaa nguo nyingine. Swali la "nani kamwiga nani" halina jibu la neno moja, na anayelitoa kwa haraka mara nyingi ana ugomvi mwingine moyoni.

Cha ajabu ni kwamba mawazo yenyewe ya Kisufi yalikuwa yameshaingia katika Uyahudi zaidi ya miaka 100 kabla ya Abraham, na hakuna aliyekwenda kushtaki.

Aliyeyaingiza ni Bahya ibn Paquda, hakimu wa Kiyahudi wa Zaragoza, Hispania, katika nusu ya pili ya karne ya 11. Alilalamika kwamba wanazuoni wameandika vitabu vingi juu ya faradhi za viungo, kipi uvae, kipi ule, lini ufunge, lakini faradhi za moyo wamezisahau. Akaandika kitabu cha milango 10: tauhidi, kutafakari viumbe, utii, tawakuli, ikhlasi, unyenyekevu, toba, kujihesabu nafsi, zuhudi, na mwisho kabisa mahaba ya Mungu. Aliyepita madrasa hahitaji kufasiriwa orodha hiyo. Aliiandika kwa Kiarabu kilichotiwa katika herufi za Kiebrania, kama washairi wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na kwa wale ambao wangeuliza kwa nini ananukuu hekima ya watu wa nje, alikuwa na kauli ya Talmudi tayari: asemaye neno la hekima, hata akiwa wa mataifa, anaitwa mwenye hekima.

Katika mlango wa ikhlasi kuna kisa kifupi. Mcha Mungu anakutana na watu wanaotoka vitani wakiwa na ngawira. Anawaambia: mmerudi kutoka jihadi ndogo, jiandaeni kwa ile kubwa. Wanamuuliza ni ipi hiyo. Anajibu kuwa ni vita dhidi ya nafsi na majeshi yake. Waislamu wengi wanaijua kauli hiyo kama maneno ya Mtume Muhammad, ingawa wanazuoni wa hadithi wanaona isnadi yake ni dhaifu. Bahya hamtaji Mtume. Msemaji kwake ni mcha Mungu fulani tu, na kisa kinaendelea.

Mwaka 1161 Judah ibn Tibbon, huko Lunel kusini mwa Ufaransa, alianza kukitafsiri kitabu hicho kwa Kiebrania. Hapo ndipo kilipokata uhusiano na kilikotoka. Wayahudi wa Ujerumani na Poland, wasiojua hata herufi ya Kiarabu, walikipokea kama kitabu cha Kiyahudi kisicho na shaka, na vijana katika vyuo vya Torati wanakisoma hadi leo kujirekebisha tabia. Jihadi kubwa imo humohumo, ndani ya Kiebrania.

Tofauti kati ya Bahya na Abraham ndiyo inayonivuta katika habari hii yote. Bahya alichukua vitu vya ndani: nia, tegemeo, hofu, mapenzi. Vitu hivyo havina sare. Mtu anaweza kuwa na tawakuli ya Kisufi ameketi kwenye takia lake lilelile karibu na ukuta. Abraham aliutaka mwili nao ushiriki, na mwili unaonekana. Jumuiya ndogo inayoishi ndani ya umma mkubwa hujitambua kwa mambo ya kuonekana: wapi tunaelekea, tunakaaje, tunanawa nini. Ukiyagusa hayo unagusa mpaka wenyewe, hata kama umekuja na aya kumi za Torati mkononi.

Kwa nini basi ajitie katika matata? Angeweza kuwa tabibu wa Sultani, kiongozi wa watu wake na mtoto wa Maimonides, akalala usingizi mzuri.

Jibu ni unabii. Maimonides, katika waraka wake kwa Wayahudi wa Yemen waliokuwa wakishinikizwa kubadili dini, alisimulia habari iliyorithiwa katika ukoo wake kwamba unabii ungerudi kwa Israeli karibu na mwaka 1210, ukiwa utangulizi wa ukombozi. Abraham na wenzake waliishi ndani ya miaka hiyohiyo. Kama unabii uko njiani, lazima wawepo watu walioandaliwa kuupokea. Lakini manabii waliandaliwaje? Biblia inagusia tu: upweke, muziki, mwalimu, jangwa. Mafunzo yenyewe yalipotea. Pale Cairo, kila siku, walipita watu waliokuwa na mafunzo kamili ya aina hiyo, wakiyatumia. Ukiwa na imani ya Abraham, utawaangalia Masufi kama mtu anayeangalia kipande cha ramani yake mwenyewe.

Wafuasi wa njia hii waliitwa *hasidim*, wacha Mungu. (Wasichanganywe na Mahasidi wa Ulaya Mashariki wenye makoti meusi, ambao walianza karne ya 18, jina ni moja, historia ni mbili.) Walifunga mchana, walikesha usiku, walipunguza maneno, na walijitenga katika khalwa. Kuhusu khalwa Abraham ana maelezo ya karibu sana, kama ya mtu aliyeuliza maswali. Anasema Masufi hujifungia mahali penye giza mpaka nguvu ya hisi izimike na jicho lishindwe hata kuona mwanga. Jambo hilo, anasema, linahitaji nuru kali ya ndani, ili roho ishughulike nayo isiogopeshwe na giza la nje. Kisha anataja fasiri ya mwenzake mkubwa, Abraham he-Hasid, ambaye aliliona jambo hilo katika Isaya 50:10, aya inayomzungumzia mcha Bwana anayekwenda gizani bila nuru na kulitumainia jina la Bwana. Isaya hakuwa akizungumzia chumba cha khalwa, kwa usomaji wa kawaida. Lakini ndivyo kazi ilivyofanyika: jambo linaonekana kwa jirani, linatafutiwa aya, na likishapata aya linakuwa la nyumbani.

Na mipaka ilikuwepo. Abraham hakumkubali Muhammad kuwa nabii, hakuweka Qurani mahali pa Torati, hakulegeza Sabato wala sheria ya chakula. Kinyume chake, hasidi alitakiwa kushika amri zote kwanza, kisha aongeze. Sheria ndiyo iliyokuwa ukuta uliomwezesha kuacha dirisha wazi bila kuogopa.

Ila dirisha likiwa wazi, wapo watakaolipitia. Tunajua hivyo kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa amechoka.

Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, kulikuwa na chumba cha kutunzia karatasi chakavu, kwa kuwa maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi. Kwa karne nyingi watu walirundika humo vitabu vilivyochanika, mikataba, hesabu za biashara na barua. Mwaka 1896 dada pacha wawili wa Kiskochi, Agnes Lewis na Margaret Gibson, walirudi Uingereza na karatasi walizonunua safarini. Mwanazuoni Solomon Schechter alitambua ukurasa mmoja, akaenda Cairo mwenyewe, na majira ya baridi ya 1896 na 1897 akasafirisha hadi Cambridge vipande karibu 200,000. Kati yao kulikuwa na mashairi ya Sufi al-Hallaj na maandishi ya al-Ghazali, yameandikwa kwa herufi za Kiebrania, dalili kwamba Myahudi alikaa akayanakili kwa matumizi yake.

Na kulikuwa na barua ya mke wa Basir, mtengeneza kengele. Mtafiti Shelomo Dov Goitein aliichapisha mwaka 1953. Barua ni ya karne ya 14, na imeandikwa kwa David, kiongozi wa Wayahudi, mmoja wa uzao wa Maimonides. Mumewe amepanda mlima Muqattam, ulio juu ya Cairo, kukaa na Masufi kwa sheikh al-Kurani. Amemwacha na watoto watatu wasio na wa kuwafundisha Torati. Sasa anazungumzia kuuza nyumba yao katika mtaa wa Wayahudi, familia yote ihamie huko mlimani. Mama anaogopa kwamba mumewe ataacha dini na kuondoka na watoto. Anamwomba kiongozi amzuie asipande mlima, ahudhurie sinagogi asubuhi na jioni, arudi kwenye riziki yake. Katikati ya hayo yote anakumbusha pia habari ya dawa ya mtoto.

Sijui barua nyingine inayoeleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Kwa Abraham, Masufi walikuwa warithi wa manabii. Kwa mke wa Basir, walikuwa watu waliomchukua mume. Wote wawili walikuwa wanaangalia kitu kimoja. Tena kuna kejeli ndogo ndani yake: kiongozi anayeombwa kumkomboa Basir kutoka kwa Masufi alikuwa mwenyewe msomaji hodari wa maandishi yao. David huyo aliandika mwongozo wa njia ya upweke na kujitenga na dunia, wenye alama za Kisufi kila mahali.

Upande wa Waislamu nao haukuwa umefunga milango. Huko Damascus aliishi Sufi aitwaye Ibn Hud, mwenyeji wa Murcia, Hispania, aliyefariki mwaka 1300. Wayahudi walikwenda kusoma kwake, na alichowafundisha ni kitabu cha falsafa cha Maimonides! Inasimuliwa kwamba mtu alipomwomba amwongoze katika njia, alimuuliza: kwa njia ipi, ya Musa, ya Isa, au ya Muhammad? Wanazuoni wengi wa Kiislamu walimlaani kwa hilo. Hapa pia walioguswa ni walinzi wa mpaka.

Watu wa leo wanaopenda kusimulia habari za zama za kuvumiliana huishia hapo, na ndipo wanapopotosha. Familia ya Maimonides ilifika Misri kwa sababu ilikimbia. Wamuwahidi, watawala wa Kiislamu kutoka Afrika Kaskazini, waliiteka Cordoba mwaka 1148 na kuwapa wasio Waislamu machaguo mabaya: kusilimu, kuondoka, au kufa. Misri ya Waayubi, ukoo wa Salahuddin, ilikuwa na nafuu kubwa, lakini mwaka 1301, chini ya Wamamluki, amri ilitoka kwamba Wayahudi wavae vilemba vya njano na Wakristo vya buluu. Masufi wakarimu na serikali kali viliishi katika mji mmoja. Na ukarimu wenyewe mara nyingi ulikuwa na matumaini ya kusilimisha, jambo ambalo mke wa Basir alilielewa bila kusoma historia.

Njia ya Abraham haikudumu kama alivyotaka. Mageuzi ya sala yalififia. *Kifaya* yenyewe ilikuwa kubwa mno, na sehemu iliyosalimika ni ndogo. Mwanawe Obadiah, aliyefariki mwaka 1265, aliandika risala inayofananisha moyo na birika linalopaswa kusafishwa kabla ya kutiwa maji mapya, picha ambayo wasomaji wa al-Ghazali wataitambua. Ukoo uliendelea na mwelekeo huo kwa vizazi kadhaa mpaka kwa David aliyeandikiwa barua. Baada ya hapo Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi, kutoka Hispania ilishika nafasi, na historia kuu ya fumbo la Kiyahudi ikasimuliwa bila Cairo, mpaka karatasi za Fustat zilipoanza kusomwa.

Kukopa kwa namna ya Misri si namna pekee. Huko Italia mwaka 1486 Pico della Mirandola, Mkristo aliyefundishwa Kabbala na Myahudi aliyebatizwa, alitangaza hoja 900 na katika mojawapo akasema hakuna elimu inayothibitisha uungu wa Kristo kuliko uganga wa maumbile na Kabbala. Papa Innocent VIII alizipiga marufuku mwaka uliofuata. Pico alichukua cha Wayahudi ili awashinde Wayahudi kwacho. Abraham alichukua cha Masufi ili Wayahudi wawe Wayahudi zaidi. Vyote viwili huitwa "mazungumzo ya dini," na jina hilo linaficha mengi.

Hoja ya Abraham ilizuka tena mahali asipopajua. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wengi wa Kiyahudi wa Marekani walikwenda kwa walimu wa Zen na yoga, wakisema sinagogi limejaa sheria na halina pumzi. Aryeh Kaplan, rabi wa Orthodoksi wa Brooklyn aliyesomea fizikia, aliwajibu kwa mfululizo wa vitabu: kutafakari kulikuwa mazoezi ya manabii na wanafunzi wao, sisi ndio tuliosahau. Kwa maneno hayo Abraham angemtambua mara moja. Vitabu vya Kaplan, aliyefariki mwaka 1983, viko kwenye maduka ya Waorthodoksi bila kelele.

Zalman Schachter-Shalomi alikwenda kwa walimu wa dini nyingine kwa miguu yake. Alizaliwa Poland mwaka 1924, akakulia Vienna, akawakimbia Wanazi, akawa rabi ndani ya Chabad, mojawapo ya jumuiya kali za Mahasidi wa leo. Katikati ya miaka ya 1970 alipokewa katika tarika ya Kisufi bila kuacha Uyahudi wake, na mwaka 1990 alikuwa Dharamsala, India, katika ujumbe wa marabi na wasomi walioalikwa na Dalai Lama, aliyetaka kujua watu wanaishije uhamishoni kwa miaka 2,000 bila kupotea. Zalman alimweleza Kabbala kwa saa kadhaa. Kufikia wakati huo alikuwa ameshatengana na Chabad zaidi ya miaka 20, na wapo marabi ambao hadi leo hawakubali sala aliyoiongoza.